Picha moja, usanifu mmoja: acheni kuchanganya biti 32 na biti 64

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala simu ya kusifu. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na tabia iliyozoeleka mno miongoni mwetu tunaotengeneza vifaa vidogo vya Linux: tabia ya kutia maktaba za biti 32 na za biti 64 ndani ya mfumo mmoja, kisha kufunga ofisi na kwenda nyumbani tukidhani kazi imekwisha.

Kazi haijaisha. Imehamishwa tu, kutoka mezani kwa aliyepaswa kuifanya hadi mabegani mwa fundi atakayekuja baada yetu.

Kwa ambao hamshindi na mambo haya, wacha nieleze kwanza.

Linux haiko kwenye tarakilishi za mezani na seva peke yake. Imo ndani ya ruta ya intaneti nyumbani kwako, ndani ya king'amuzi cha televisheni, na ndani ya kile kisanduku kinachofungua mlango wa ofisi ukiweka kidole. Vifaa hivi havisakinishwi programu mojamoja. Fundi hutayarisha picha ya mfumo, yaani ile faili moja kubwa iliyobeba kila kitu, kisha huiandika kwenye flashi ya kila kifaa. Wengine huijenga kwa Yocto, mradi uliotangazwa mwaka 2010, wengine kwa Buildroot, na wengine huchukua Debian na kuipunguza.

Ndani ya picha hiyo mna maktaba, yaani mafungu ya kodi ambayo programu nyingi hutumia kwa pamoja ili kila programu isibebe yake. Utazitambua kwa herufi .so katika majina yake. Kila moja hujitambulisha mwanzoni kabisa mwa faili: baiti nne za kwanza husema kwamba hii ni faili ya aina ya ELF, na baiti ya tano husema upana. Ikiwa 1, ni biti 32. Ikiwa 2, ni biti 64.

Prosesa nyingi za ARM tunazotumia, kama vile Cortex-A53 iliyomo kwenye Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016, zinaweza kuendesha aina zote mbili. Lakini programu moja haiwezi kuwa aina zote mbili kwa wakati mmoja. Programu ya biti 64 ikijaribu kupakia maktaba ya biti 32 hukataliwa papo hapo:

wrong ELF class: ELFCLASS32

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa milimita 1,000. SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina milimita 1,435. Behewa la moja haliendi juu ya nyingine hata mkilisukuma kijiji kizima. Ndiyo maana mizigo ya kwenda Malaba inayofika Naivasha kwa SGR hushushwa na kupakiwa upya kwenye treni za reli ya zamani. Nchi inaweza kuwa na reli zote mbili, sikatai. Lakini kila reli inataka mabehewa yake, vipuri vyake na mafundi wake. Nchi ina nafasi na ina bajeti. Je, kifaa chako chenye flashi ya MB 256 kina nini?

Sasa tuangalie mchanganyiko wenyewe unavyofanywa. Kwenye Yocto, mtu huongeza mistari hii katika faili ya mipangilio:

require conf/multilib.conf
MULTILIBS = "multilib:lib32"
DEFAULTTUNE:virtclass-multilib-lib32 = "armv7athf-neon"
IMAGE_INSTALL:append = " lib32-glibc lib32-libstdc++"

(Ukikuta mwongozo wa zamani wenye _append badala ya :append, ujue uliandikwa kabla ya toleo la 3.4 la mwaka 2021. Usiunakili ulivyo.)

Kwenye Debian ni rahisi hata zaidi:

dpkg --add-architecture armhf
apt update
apt install libc6:armhf

Mistari minne, au mitatu. Inapendeza, sivyo? Na hapo ndipo mtego ulipo. Kitu kinachogharimu miaka kumi kinaonekana kama kazi ya dakika kumi. Waliotengeneza zana hizi hawana kosa. Wamefanya kazi ngumu na wameifanya vizuri. Ugomvi wangu ni na sisi tunaozitumia kama panadol, kichwa kikiuma tunameza, bila kuuliza kinauma kwa nini.

Haya, tuhesabu gharama.

Ya kwanza ni uzito. Yocto italazimika kujenga kompaila ya pili, glibc ya pili, na kila maktaba uliyoitaja mara ya pili. Muda wa kujenga unaongezeka, lakini huo ni wako, vumilia. Flashi si yako, ni ya mteja. Data ya maktaba ya ICU peke yake, ile inayotumika kwa lugha na maandishi ya dunia, hukaribia MB 30. Ukiihitaji kwa pande zote mbili, unaibeba mara mbili. Kumbukumbu nayo ni hivyo hivyo. Uzuri wote wa maktaba za pamoja ni kwamba programu kumi hutumia nakala moja iliyo kwenye RAM. Ukiwa na aina mbili, nakala hizo hazishirikiani kamwe. Kisha uje usasishe vifaa hivyo kupitia laini za simu. Tuseme una vifaa 400 vilivyotawanyika kutoka Kwale hadi Turkana, na mchanganyiko wako umeongeza MB 40 kwenye kila sasisho. Hizo ni GB 16 za bando kila mara unapotuma, na hakuna hata kipengele kimoja kipya alichopata mtumiaji.

Ya pili ni kwamba maktaba moja huvuta ukoo mzima. Umepewa draiva ya biti 32, faili moja tu. Programu inayoipakia ni lazima iwe ya biti 32. Programu hiyo inatumia OpenSSL, kwa hivyo unaleta OpenSSL ya biti 32. Inatumia libcurl na SQLite, unazileta pia. Ina skrini iliyotengenezwa kwa Qt, basi Qt nzima inaingia. Ukija kutazama vizuri, programu yako kuu, ile ambayo kifaa kilinunuliwa kwa ajili yake, imekuwa ya biti 32, na sehemu ya biti 64 imebaki kuwa keneli na vikorokoro vichache. Umelipia nyumba mbili, unalala katika moja.

Ya tatu ni usalama, na hapa sina mzaha. Mwezi wa Februari 2016 ilitangazwa hitilafu mbaya katika glibc, katika kodi inayotafuta anwani za mtandao kwa majina. Hitilafu hiyo ilikuwemo tangu toleo la 2.9 la mwaka 2008. Mwenye glibc moja alikuwa na kazi moja. Mwenye mbili alikuwa na kazi mbili, na alitakiwa kukumbuka kwamba ana mbili.

Utasema Yocto itajenga zote mbili kutoka chanzo kimoja kilichorekebishwa. Kweli, kwa vile vifurushi inavyojenga yenyewe. Lakini kwa nini uliingiza biti 32 hapo mwanzo? Kwa sababu ya faili ya zamani isiyo na chanzo. Na faili ya zamani hutaka marafiki wa rika lake. Utakuta inadai libssl.so.1.0.0, yaani ile OpenSSL ya familia ya 1.0. Toleo la mwisho la familia hiyo, 1.0.2, liliacha kupata marekebisho ya umma mwishoni mwa mwaka 2019. Hata familia iliyofuata, 1.1.1, msaada wake wa umma ulikwisha Septemba 2023. Kwa hivyo ile nakala ya pili ndiyo isiyorekebishwa, nayo imekaa kimya ndani ya kifaa kinachoshughulikia pesa au alama za vidole vya watu.

Ya nne ni upotevu wa muda kwa makosa ambayo hayasemi ukweli. Weka programu ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 usio na kipakiaji chake, kisha iendeshe. Utaambiwa:

No such file or directory

Unaitazama faili kwa ls, iko. Unaiendesha, eti haiko. Kijana aliyeajiriwa jana ataifuta na kuinakili upya mara tano kabla ya kugundua kwamba kinachokosekana si programu yake bali ni /lib/ld-linux-armhf.so.3, kipakiaji ambacho programu hiyo inakitaja ndani ya tumbo lake. Akishakiweka, huenda akagundua keneli yenyewe ilijengwa bila CONFIG_COMPAT, na bila hiyo keneli ya ARM ya biti 64 haiendeshi programu ya biti 32 hata ukiipigia magoti.

Tazama pia yaliyotokea kwenye Raspberry Pi mwaka 2023. Mfumo wa biti 32 ulianza kupewa keneli ya biti 64 kama chaguo la kawaida kwenye baadhi ya mashine zinazoiweza. Mtu akaandika uname -m, akajibiwa aarch64, akapakua programu ya biti 64, ikakataa kuendeka. Kumbe dpkg --print-architecture ingemwambia ukweli: armhf. Huo ulikuwa mchanganyiko mwepesi kabisa, keneli huku na maktaba kule, uliofanywa na watu wanaojua kazi yao. Na bado uliwatoa watu jasho.

Ya tano ni saa. Mifumo ya zamani ya biti 32 huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa namba ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Namba hiyo hujaa ikifika 2,147,483,647. Kwa saa za kwetu, hiyo itakuwa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, watu wakiwa kwenye matatu kuelekea kazini. Mita ya maji au kidhibiti cha pampu kinachofungwa leo kinaweza kabisa kuwa bado kazini siku hiyo.

"Lakini hilo limeshatatuliwa," mtasema. Limetatuliwa kwa wenye chanzo. Keneli ilikamilisha sehemu yake kwenye toleo la 5.6 mwaka 2020. Glibc ilifungua mlango kwenye toleo la 2.34 mwaka 2021. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imejenga upya usanifu wake wa biti 32, armhf ukiwemo, ili utumie saa ya biti 64. Waliacha i386 peke yake, kwa sababu kazi yake iliyobaki ni kuendesha programu za zamani. Vifurushi vingi vikabadilishwa majina, vikaongezewa t64 mwishoni, kwa mfano libssl3t64, ili kijengwacho kipya kisichanganyike na kikongwe.

Mmeona kilichotokea? Hata biti 32 zenyewe sasa ni za namna mbili. Draiva yako ya mwaka 2015 inadhani saa ina baiti nne. Maktaba mpya iliyo pembeni yake inajua saa ina baiti nane. Kipakiaji hakisomi jina la kifurushi, kinasoma jina la faili, nalo halijabadilika. Kitazikutanisha tu. Zikianza kupeana saa, kila moja itasoma kitu kingine kabisa, na hakuna atakayepiga kelele mpaka tarehe kwenye risiti iwe ya ajabu.

Ya sita, hata prosesa zenyewe zinahama. Cortex-X2 ya mwaka 2021 na Cortex-A715 ya mwaka 2022 haziendeshi biti 32 kabisa. Apple walifunga mlango kwenye iOS 11 mwaka 2017 na kwenye macOS Catalina mwaka 2019. Google Play ilianza kudai programu zenye biti 64 mwezi wa Agosti 2019. Hizo ni simu na kompyuta, najua. Lakini chipu zinazong'aa kwenye simu leo ndizo tutakazonunua kwa bei nafuu kutilia kwenye mageti na mita miaka michache ijayo.

Sasa nisikie upande wa pili, maana ugomvi bila kusikiliza ni matusi tu.

Kuna anayesema biti 32 hula kumbukumbu kidogo. Ni kweli. Kielekezi cha biti 32 huchukua baiti nne, cha biti 64 huchukua nane. Kwenye kifaa chenye RAM ya MB 256 hilo si jambo dogo. Jibu langu: basi jenga picha nzima ya biti 32! Sikusema biti 64 ni dini. Nimesema picha moja, usanifu mmoja. Buildroot hufanya hivyo hivyo, inajenga picha ya usanifu mmoja, na watu wanaishi nayo vizuri. Ukichanganya ili kuokoa kumbukumbu, ujue umepakia glibc mbili ili kuokoa baiti nne nne.

Kuna anayekumbusha mwaka 2019, Ubuntu walipotangaza kuacha vifurushi vya i386, wapenzi wa michezo ya Steam wakapiga kelele, na Ubuntu wakarudi nyuma na kubakiza vifurushi walivyochagua. Sawa. Lakini hiyo ni kompyuta ya mezani yenye diski ya GB 500 na mwenye nyumba aliyeketi mbele yake kila siku. Kifaa kilichofungwa juu ya mlingoti huko Marsabit hakichezi michezo, na hakina mtu wa kukisoma makosa.

Na kuna hoja iliyo nzito kuliko zote: "Aliyetuuzia draiva ametupa ya biti 32 pekee. Tufanyeje?"

Hapa ndipo penye kiini. Nimeyaona haya. Kampuni moja, jina lake halina haja hapa, ilituuzia visoma alama za vidole pamoja na faili moja ya .so ya armhf. Tulipoomba ya biti 64, jibu lilikuja kwa sentensi moja: tumieni maktaba mchanganyiko. Yaani mwenye chanzo, mwenye kompaila, ambaye angehitaji kuibadilisha kompaila na kujenga upya, anatuambia sisi tusio na chanzo tubebe nakala mbili za dunia nzima kwa miaka kumi. Tulikataa. Malipo ya mwisho tuliyazuia mpaka tupate faili inayolingana na mfumo wetu. Wiki tatu baadaye faili ilifika. Haikuwa imeshindikana hata siku moja. Ilikuwa haijadaiwa.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Kila tunapokubali kuchanganya, tunamwambia muuzaji kwamba uvivu wake una mahali pa kulala, na mahali penyewe ni ndani ya vifaa vya wateja wetu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi ndio tunaowafungulia mlango.

Kwa hivyo nashauri hivi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, omba faili zake za maktaba na uziendeshe amri ya file. Jibu litakuja kwa sekunde moja: 32-bit au 64-bit. Usikubali kuonyeshwa kijitabu chenye picha nzuri.

Katika mkataba, andika kwamba muuzaji atatoa faili kwa usanifu unaoutumia, na atazijenga upya ukibadilisha mfumo. Afadhali zaidi, nunua vyenye draiva huria ambazo tayari zimo ndani ya keneli. Hapo hakuna wa kumwomba.

Ikiwa umefungwa kabisa, na kampuni iliyotengeneza kifaa imeshakufa, basi usiichanganye na mfumo wako. Itenge. Weka ile programu ya zamani katika kontena au saraka yake yenye mizizi yake, pamoja na maktaba zake chache tu inazozihitaji. Iendeshe kama mchakato wake peke yake, isiyo na ruhusa ya kugusa mtandao, na programu yako kuu ya biti 64 izungumze nayo kupitia soketi. Hivyo ukoo hauvutwi, na siku ya kuiondoa unafuta saraka moja. Kisha andika tarehe ya kuiondoa mahali ambapo meneja wako ataiona.

Na kwa mliokwisha kuchanganya, anzeni kwa kuhesabu. Fungua saraka yenye mfumo uliojengwa kwenye kompyuta yako na uandike:

find . -type f -name '*.so*' -exec file {} + | grep '32-bit'

Kila mstari utakaotokea, uliza maswali mawili: nani anaitumia, na nani ataisasisha? Ukikosa jibu la swali la pili, hiyo maktaba haina mwenyewe. Usipoziba ufa huo sasa, ukuta utakaojengwa mwaka 2038 utajengwa na mtu mwingine, usiku, akiwa juu ya ngazi, akilaani jina lako.

Mimi nimesema. Nendeni mkahesabu.